Utata wa Namba Kubwa: Je, "Elfu Kumi na Tano" ni Ngapi?

Katika kituo cha mabasi cha Msamvu, mjini Morogoro, abiria atajiwaye nauli ya elfu kumi na tano hutoa shilingi 15,000 bila kuuliza. Hata hivyo, kwa sarufi tupu, tungo hiyo ina maana mbili: 15,000 na 10,005. Kinachomwongoza abiria ni muktadha, wala si sarufi.

Chanzo cha utata ni muundo. Katika Kiswahili nomino ya kiwango, yaani elfu, laki au milioni, hutangulia kizidisho chake, na kiunganishi "na" hujumlisha. Mwanahisabati hutenganisha 1,000 × (10 + 5) na (1,000 × 10) + 5 kwa mabano. Mzungumzaji hana mabano. Kadiri namba inavyokua ndivyo maana zinavyoongezeka: "elfu mia moja na ishirini na tano" yaweza kuwa 125,000, 120,005 au 100,025.

Utata huu, hata hivyo, una mipaka. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu Watanzania 61,741,120: milioni sitini na moja, laki saba, elfu arobaini na moja, mia moja na ishirini. Hapa hapana utata, kwa sababu Kiswahili hujumlisha kwa kushuka. "Moja" inayofuatwa na laki haiwezi kuwa mmoja wa pekee. Ni lazima iwe sehemu ya kizidisho cha milioni. Tukiondoa yote yafuatayo, 61,000,000 hugongana mara moja na 60,000,001. Kwa hiyo zinazoathirika zaidi ni namba zinazoishia kwa masifuri, nazo ndizo aghalabu huandikwa katika mikataba ya mauzo na mikopo.

Suala hili si la darasani tu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu hati za fedha, ambayo ndiyo asili ya sheria yetu, husema kwamba tarakimu na maneno yakihitilafiana, maneno ndiyo hushika. Aidha, mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania. Yaani tumeyapa maneno mamlaka juu ya tarakimu, ilhali maneno yenyewe yana maana zaidi ya moja.

Tunapendekeza kwamba katika maandishi rasmi kizidisho chenye "na" kitangulie: "kumi na tano elfu" iwe 15,000, na "elfu kumi na tano" ibakie 10,005. Yamkini wapo watakaodai kwamba huku ni kuiga Kiingereza. Hoja hiyo haina uzito: mpangilio huu umo tayari vinywani mwa wazungumzaji, na hauna utata, kwani kanuni ileile ya kushuka huzuia kumi kutangulia elfu tano katika kujumlisha. Vyombo vya usanifishaji, na hasa BAKITA, havina haja ya kubuni chochote. Vichague tu, kisha vitangaze.