Mlima wa Moto Mbele ya Kalamu na Brashi

Gisenyi ni mji wenye pwani isiyo na chumvi. Maji ya Ziwa Kivu, yaliyo kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hupiga mchanga wake kwa mawimbi madogo. Kusini, kukiwa hakuna ukungu, kisiwa kirefu cha Ijwi huonekana kama mgongo wa mnyama aliyelala majini. Kaskazini, ng'ambo ya mpaka, umesimama Mlima Nyiragongo wenye mita 3,470, na katika miaka ambayo moto umejaa kileleni mwake, wingu lililo juu yake huwa jekundu usiku kucha. Jioni, wavuvi wa sambaza hung'oa nanga kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, na taa zao hutawanyika ziwani kama nyota zilizoanguka.

Nchi ya namna hii haimwachi mtu akae kimya. Kabla mgeni yeyote hajafika na karatasi yake, wazee wa Rwanda walikwisha kuitungia maneno. Mapokeo yao husema kwamba roho za waliojiunga na ibada ya Ryangombe huenda kupumzika juu ya Karisimbi, mlima wa mita 4,507 ambao jina lake linatokana na weupe wa simbi, kwa kuwa kilele chake hupata mvua ya mawe na theluji. Roho za waliobaki nje ya ibada hiyo hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Kwa hiyo milima ilikuwa kitabu tangu zamani, na watoto walisoma humo habari za wema na ubaya.

Miongoni mwa wageni waliokuja baadaye, yuko mmoja ambaye habari zake zafaa kuelezwa kwa urefu, kwa sababu alikuwa mchoraji na mwandishi kwa pamoja. Huyo ni William R. Leigh, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1866 katika jimbo la West Virginia. Alisomea uchoraji mjini Munich, Ujerumani, na nchini kwao alijulikana kwa picha za farasi, majangwa na wenyeji wa nchi za magharibi. Mwaka 1926 alipoijia milima ya Virunga alikuwa ametimiza miaka 60, umri ambao watu wengi huanza kutafuta kiti cha kukalia barazani.

Aliyemwita ni Carl Akeley, mtaalamu wa Jumba la Makumbusho ya Viumbe la New York. Akeley alikuwa amefika huku mara ya kwanza mwaka 1921, akapiga risasi ngagi kadhaa kwa ajili ya jumba hilo. Lakini baada ya kuwatazama wanyama wale kwa karibu moyo wake uligeuka. Akaishawishi serikali ya Ubelgiji iwalinde, na mwaka 1925 ikatangazwa Hifadhi ya Albert, ambayo leo imekuwa hifadhi mbili: ya Virunga upande wa Kongo, na ya Milima ya Volkano upande wa Rwanda. Mwaka uliofuata akarudi pamoja na mkewe, Mary Jobe Akeley, na Leigh, ili mandhari yenyewe ichorwe kwa rangi zake halisi. Picha nyingi za kamera za wakati ule zilikuwa nyeusi na nyeupe. Ziliweza kuonyesha umbo la mlima, bali hazikuweza kusema buluu yake ni ya namna gani.

Kambi yao ilikuwa Kabara, uwanda mdogo ulio kati ya Mikeno na Karisimbi, juu ya mita 3,000, mahali penye baridi na ukungu. Akeley alipanda akiwa mgonjwa, na tarehe 17 Novemba 1926 akafariki dunia. Wenzake wakamzika pale pale mlimani.

Hapo ndipo kazi ya Leigh ilipopimwa. Mwenye shauri amekufa, msimu ni wa mvua, na mji ulio karibu uko mbali kwa miguu. Wangeweza kufunga mizigo na kushuka. Hawakushuka. Mjane wa Akeley aliendelea kusimamia ukusanyaji wa mimea na upigaji wa picha, na Leigh akakaa mbele ya turubai yake akiingojea milima ijifunue. Mtu aliyekaa nchi za juu anajua maana ya kungoja huko: ukungu hupasuka kwa dakika chache, Nyiragongo na Nyamulagira huonekana zikitoa moshi, kisha pazia hurudi. Katika dakika hizo mchoraji hana nafasi ya kubuni. Lazima aamue haraka kivuli hiki ni cha zambarau au cha kijivu, na moshi ule unaelekea wapi.

Leigh alirudi Afrika mara ya pili mwaka 1928. Baada ya hapo, katika miaka ya 1930, aliongoza kundi la wachoraji walioyahamisha maandalizi hayo katika kuta za jumba la New York. Ukumbi wenye jina la Akeley ulifunguliwa mwaka 1936, na sasa una vyumba vya maonyesho 28. Kila chumba kina ukuta uliopindwa kama nusu ya chungu, ili jicho lisikute pembe na kutambua kuwa limezuiwa. Mbele hupangwa majani na mashina yaliyotengenezwa kwa kufuata mimea halisi, na wanyama waliokaushwa husimama kati yake. Fundi hodari huficha mstari ambapo majani ya kuguswa yanakwisha na majani ya rangi yanaanza. Katika chumba cha ngagi, nyuma ya wanyama hao, Nyiragongo na Nyamulagira husimama katika mwanga wa Virunga kama Leigh alivyoyaona.

Hata hivyo brashi haikumtosha. Mwaka 1938 Leigh alitoa kitabu cha safari zake za Afrika, akakipamba kwa michoro yake mwenyewe. Sababu yake si ngumu kuielewa. Picha hushika wakati mmoja tu. Haina njia ya kusema kwamba vidole vilikuwa vimekufa ganzi, kwamba ukungu ulirudi kabla ya kazi kwisha, au kwamba hatua chache kutoka pale palikuwa na kaburi jipya. Mambo hayo ni mzigo wa kalamu. Kwa upande wake, kalamu ikijaribu kueleza rangi ya mlima wa mbali huishia kusema "buluu" na kunyamaza. Mandhari ile kubwa ilimdai mtu mmoja mikono miwili.

Askari na polisi wataitambua kazi hiyo upesi kuliko watu wengine. Mlinzi wa zamu hufundishwa kutoa taarifa ya alichokiona, si ya alichodhani; husema saa, mahali, idadi na mwelekeo. Akiongeza chumvi, wenzake hupotezwa. Akipunguza, hatari hupita. Mchoraji wa kweli wa mandhari ni mlinzi wa namna hiyo. Taarifa yake hupelekwa kwa watu ambao hawajazaliwa bado.

Na taarifa hiyo imekuwa na kazi, kwa maana nchi ile haikubaki kama ilivyokuwa. Mwaka 1969 hekta zipatazo 10,000 za hifadhi upande wa Rwanda ziligeuzwa kuwa mashamba ya pareto. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ngagi wa Virunga walikuwa wamebaki kiasi cha 250. Kwa ulinzi mkubwa, hesabu iliyofanywa mwaka 2015 na 2016 iliwakuta 604. Nyiragongo nayo ilipasuka tarehe 10 Januari 1977, ikapasuka tena tarehe 17 Januari 2002, moto wake ukapita katikati ya Goma hadi ziwani, na maelfu kwa maelfu ya watu wakakimbilia Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 ilipasuka tena, na matetemeko yaliyofuata yalipasua kuta za nyumba katika pande zote mbili za mpaka. Mwenye kutaka kujua mlima huo ulionekanaje mwaka 1926 anao ushahidi wa rangi, kwa sababu mzee wa miaka 60 alikubali kukaa baridini.

Lakini ushahidi huo una upungufu wake, na upungufu huo ni somo. Katika mchoro ule hakuna mtu. Hakuna shamba la maharage, hakuna mchukuzi, hakuna mama mwenye mtungi, ilhali milima ile imezungukwa na watu tangu kale. Ukumbi ulitengenezwa kwa kusudi la kuonyesha wanyama na pori, na mchoraji akalitii kusudi hilo. Tena picha yenyewe iko New York nyuma ya kioo, na wengi wa wakazi wa Rubavu, ambao ndio wenye mlima mbele ya milango yao, hawataiona maishani.

Mchoraji mwingine, aliyekuwa mwandishi vilevile, aliufuata upande huo wa watu katika kisiwa cha bahari. Irma Stern wa Afrika Kusini, aliyeishi kati ya 1894 na 1966, alifika Unguja mwaka 1939 na tena mwaka 1945. Bahari na vichochoro vya mji vilimvuta, lakini alichokikazia macho zaidi ni nyuso: wazee wenye vilemba, wanawake wenye mitandio, waumini katika utulivu wao. Mbao za nakshi za Unguja alizigeuza kuwa fremu za picha zake, hata kisiwa kikaizunguka picha pande zote nne. Alitoa kitabu kuhusu Kongo mwaka 1943, na kingine kuhusu Zanzibar mwaka 1948, vyote vikiwa na maneno na michoro yake. Naye pia alikuwa mgeni mwenye kuja na kuondoka. Aliziona nyuso, ila hakukaa miaka ya kutosha kuona watoto wa nyuso hizo wakikua.

Basi iko kazi ambayo mgeni, hata awe hodari namna gani, hawezi kuimaliza. Leigh aliuona mlima bila watu. Stern aliwaona watu kwa kipindi cha ziara. Anayekaa Gisenyi huuona mlima na watu pamoja, asubuhi na jioni, masika na kiangazi. Huona jinsi wavuvi wanavyojua hali ya upepo kwa kutazama uso wa maji, na jinsi akina mama wa sokoni wanavyoinua macho kuelekea Nyiragongo kila ardhi inapotikisika.

Kazi hiyo haihitaji jumba la makumbusho. Mtoto aliyepewa penseli na daftari la kurasa tupu anaweza kuuchora mlima ule ule kutoka kizingiti kile kile kila Jumapili, na chini yake akaandika tarehe, saa, hali ya wingu, na jambo moja lililotokea nyumbani siku hiyo. Mzazi asimsahihishe kwa kumwambia milima huchorwa kama pembe tatu; amwambie atazame tena. Baba aliye kambini au katika kituo cha mbali akitumiwa ukurasa mmoja wa daftari hilo, ataiona nyumba yake kwa ukamilifu kuliko katika salamu kumi za "hatujambo". Na baada ya miaka 20 daftari hilo litakuwa taarifa ya mlinzi wa kweli, iliyoandikwa na mtu ambaye hakuwa na mahali pengine pa kurudi.