Majina Nyuma ya Picha

Picha isiyo na jina ni uso wa mgeni, hata kama uso huo ni wa babu yako mzaa baba. Hayo ndiyo maoni yangu, nami nataka kuwaeleza ninyi wanafunzi kwa nini nayashika, na kwa nini naona kuwa kazi ya kuyatafuta majina hayo ni yenu kuliko ya wazee wenu.

Tazameni nyumba za huku kwetu Miteja, na za Somanga, na za Kilwa Kivinje. Katika baadhi yake zimo picha za zamani, moja imetundikwa ukutani ndani ya kioo, nyingine zimo katika sanduku la bati pamoja na vyeti na hati za shamba. Hewa ya bahari huzitia madoa, mchwa huzila, na maji huzichukua. Mwezi wa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani yetu, mafuriko yaliikata barabara iendayo Lindi karibu na Somanga. Sanduku la bati ni kitu gani mbele ya maji ya namna hiyo? Walakini picha ikipotea, pengine iko nakala yake kwa shangazi aliyeko Dar es Salaam. Mzee aliyeyajua majina akifa, nakala hakuna.

Wako watu wanaosema, “Mwalimu, usihangaike, tumekwisha kuzipiga kwa simu.” Vema. Simu huuweka uso, lakini jina haiwezi kulijua ila mtu aliandike. Aghalabu uso mmoja usiojulikana huwa nyuso kumi zisizojulikana, katika simu kumi.

Ugumu wa kwanza mtakaoukuta ni maneno yetu wenyewe ya ujamaa. Mkimwuliza bibi, “Huyu ni nani?” atawajibu, “Babu yenu.” Jibu hilo ni la kweli, tena ni la heshima, lakini halitoshi, maana babu ni baba wa baba, na baba wa mama, na ndugu zao wote. Hapana budi kuuliza tena kwa adabu: ni babu wa upande gani, na mama yake alimwitaje? Wanawake ndio wanaopotea zaidi. Mtu huitwa Mama Fulani tangu azae mtoto wa kwanza mpaka kufa kwake, na wajukuu hawajui kabisa kama alikuwa na jina jingine. Mimi naona ni dhuluma ndogo inayofanywa na watu wasiokusudia ubaya.

Tena huku kusini jina la mtu hubadilika. Wengi waliliacha jina la utoto katika jando au unyago, wakatoka na jina jipya. Na aliyesilimu au kubatizwa aliongeza la tatu. Kwa hiyo wazee wawili waweza kutaja majina mawili mbalimbali juu ya uso mmoja, na wote wawili wakasema kweli. Yaandikeni yote. Na mama asiyependa kulitaja jina la mkwewe msimlazimishe. Nendeni kwa mwingine asiyefungwa na mwiko huo.

Ugumu wa pili ni kufanana. Watu hupenda kuitazama picha na kusema, “Huyu ni baba yake Fulani, wamefanana kama shilingi kwa ya pili!” Mimi ushahidi wa kufanana siuamini. Mtu hufanana na baba yake, na mjomba wake, na pengine na jirani asiye na udugu naye. Nguo nazo hudanganya, maana wapiga picha wengi walikuwa na koti na tai za kuazimisha wateja, na mvuvi akatoka studio kama karani. Afadhali muhuri wa mpiga picha ulioko nyuma. Sare ya askari pia husaidia, kwa kuwa vijana wa Tanganyika walipelekwa Madagaska mwaka 1942 na Burma mwaka 1944, na picha ya mtu aliyevaa sare ya vita hivyo haiwezi kuwa ya babu aliyekufa kabla yake.

Lililo bora ni kuwaonyesha picha wazee wawili, kila mmoja peke yake. Mkiwaketisha pamoja, wa pili humfuata wa kwanza kwa heshima, na ninyi mtadhani mmepata mashahidi wawili, kumbe mmepata mmoja.

Sasa niseme neno ambalo wengine hawalipendi. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi, si mbali na hapa. Wako watu wa nchi hii ambao babu zao walipigana na Wajerumani, na wako ambao babu zao walikuwa askari wa Wajerumani. Pengine wote wawili ni babu wa mtoto mmoja. Nasikia watu wakisema kwamba picha ya yule askari ifichwe. Mimi nasema iandikwe jina kama nyingine. Mwaka 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani ilitoa picha nyingi za zamani zionwe na watu wote, na baadhi ni za Walther Dobbertin, aliyepiga picha nchini humu wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Katika picha nyingi za namna hiyo mzungu ametajwa kwa jina na cheo, na Mwafrika ni “askari” au “mpagazi”, basi. Mgeni hakuuliza. Sisi tusipouliza, tutatoa udhuru gani?

Andikeni nyuma ya picha kwa penseli laini, pasipo kukandamiza, wala msitumie wino, maana hupenya ukaharibu uso. Karatasi ikiwa ya utelezi isiyoshika penseli, andikeni juu ya bahasha na kuitia picha ndani. Anzeni kushoto kwenu ninyi mtazamao, mkienda kulia: jina, mzazi, kijiji, na chini yake jina la mzee aliyewaambia na mwaka wa kuambiwa. Na ikiwa wa tatu hakujulikana na mtu yeyote, andikeni “wa tatu hajulikani”, mkaache nafasi ya kutosha jina.