KASUMBA KWA JINA LA DAWA

Wako ndugu zetu wanaosema: kinachouzwa duka la dawa ni dawa, basi masheikh wanyamaze. Sisi hatunyamazi.

Wazee wa pwani wanaijua kasumba, yaani afyuni. Vidonge vya tramadoli havikutoka katika ua lake, vimetengenezwa kiwandani. Lakini hufanya kazi mle mle mwilini inamofanya kasumba. Daktari akikuandikia siku chache baada ya kupasuliwa, ni dawa. Mwenye saratani anayepewa mofini hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, hatumsemi. Kumnyima ni dhulma. Tunalolikataa ni hili la goti na mgongo: vidonge kila siku, mwezi baada ya mwezi, bila cheti cha daktari, bila mtu wa kuhesabu.

Hapa Daraja Mbili, Arusha, ninaposomesha, mzee mmoja wa darasa langu alivimeza miaka miwili kwa ajili ya goti. Alianza na kimoja, akafika vinne. Akawa anasinzia katika sala, choo kikamfunga, na goti likauma vile vile. Ramadhani ikaja. Ikifika alasiri jasho lamtoka, mafua, miayo, tumbo lamsokota. Watu wakasema ana jini. Mkewe akanijia. Nikamwambia: mumeo avitupe, asubiri, Mwenyezi Mungu yu pamoja na wenye kusubiri. Akavitupa. Siku ya tatu alikuwa hoi; ya nne akarudi dukani. Kosa lile ni langu, na nalitaja kwa sababu najua masheikh wenzangu hutoa jibu hilo hilo.

Laiti ningalifungua kitabu kwanza! Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wetu wa Kishafi aliyeishi Makka karne ya kumi ya Hijria, aliulizwa habari ya mtu aliyezoea afyuni hata akiiacha ataangamia. Akajibu kuwa huyo ana hukumu ya mwenye dharura, lakini ni wajibu wake kuipunguza kidogo kidogo mpaka mwili uisahau. Madaktari wa leo wasema hayo hayo: kukata ghafla kuna hatari, na ipunguzwe mbele ya mjuzi.

Na hiyo faida iko wapi? Mwaka 2018 huko Marekani ilichapishwa habari ya askari wastaafu 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga na goti. Nusu walitibiwa kwa dawa za jamii ya kasumba, nusu kwa parasetamoli na dawa nyingine za kawaida. Baada ya miezi 12 wale wa kwanza hawakuwa na nafuu zaidi katika kazi zao, na maumivu yao yalikuwa makali kidogo kuliko ya wenzao. Basi mtu auze akili yake kwa bei gani?

Nilimwendea mwenye duka. Ni Mwislamu, huswali safu ya mbele. Akanijibu: nisipouza mimi atauza jirani. Muuza gongo naye hana hoja nyingine! Mtume (S.A.W.) amekataza kila kileweshacho na kila kilegezacho, na huyu anajua kuwa mnunuzi wake hana cheti wala hajaonwa na daktari mwaka mzima.

Mzee wetu tulimpeleka hospitali. Akapunguziwa kidonge baada ya kidonge kwa miezi minne, akafundishwa mazoezi ya goti. Baridi ya Meru ikishuka bado lamuuma. Alfajiri huja msikitini na bakora yake.