MAARIFA YA DUNIA: JUA LINAPOINYAMAZISHA REDIO

Redio ikinyamaza ghafla, mwenyewe huipiga ubavuni, akaitazama betri, kisha akamlaumu fundi. Lakini ziko siku, msomaji, ambapo kosa si la betri wala la fundi: limetoka juani.

Tarehe 6 Septemba 2017 tufani kubwa iitwayo Irma ilikuwa ikivipiga visiwa vya Karibi. Mahali simu zilipokatika, tegemeo lilikuwa wapenzi wa redio, yaani watu wenye leseni ambao hupelekeana habari kwa mitambo yao wenyewe pasipo mshahara. Siku iyo hiyo jua likalipuka kwa nguvu isiyoonekana kwa miaka zaidi ya 10. Mawimbi mafupi yakakatika kwa muda, saa ile ile watu walipohitaji kuonywa na kuokolewa.

Sababu ni hii. Mawimbi mafupi hufika mbali kwa kudunda katika tabaka za juu za anga, kama mpira udundavyo ukutani. Mwali wa mlipuko wa jua hutufikia kwa dakika 8 tu. Ukifika, huligeuza tabaka la chini likayameza mawimbi badala ya kuyapitisha. Dhara hilo huupata upande wenye mchana. Wenye usiku husalimika.

Pengine mlipuko hufuatwa na wingu la chembe, lifikalo baada ya siku 1 hadi 3 hivi. Likiitikisa sumaku ya dunia, chembe huelekezwa pande za ncha, zikaigonga hewa, nayo ikawaka kijani na wekundu. Huo ndio mwanga uitwao aurora, ambao watu wa Norwe na Kanada huuona usiku kama pazia linalopepea. Ni pambo zuri, lakini pia ni dalili kwamba redio za mbali zaweza kusumbuka siku nzima au zaidi.

Basi mlipuko ukikata mawimbi mchana, mwenye mtambo na ajaribu masafa ya juu zaidi, maana ndiyo hupona kwanza. Naye mwenye kazi ya kuokoa watu asitegemee njia moja tu.

Tusilifanye jua adui. Ndilo linalozitengeneza tabaka zipelekazo sauti zetu mbali. Yafaa tuzijue desturi zake, kama mkulima azijuavyo za mvua.