Mabua Yalale Shambani

Ukipita barabara ya Dodoma kwenda Kondoa mwezi Novemba utaona moshi kila upande. Mabua ya msimu uliopita yamekusanywa na kutiwa kiberiti, shamba limebaki jeupe kama uwanja wa harusi. Asiyechoma huitwa mvivu. Ndugu zangu wakulima, usafi huu ndio unaotuibia maji.

Tunalalamika kwamba mvua ni haba, na ni kweli: Dodoma hupata milimita 600 hivi kwa mwaka. Lakini milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 20, ya jioni moja tu, humwaga lita 80,000 kwenye ekari moja. Zinakwenda wapi?

Udongo mwekundu usipokuwa na kitu juu yake, matone huupondaponda, chembe laini zikaziba vitundu vyake, na juu pakajitengeneza ganda. Baada ya hapo maji hayazami. Yanakimbilia korongoni na kubeba udongo wa juu. Yale machache yaliyozama, jua na upepo huyamaliza.

Wengine hunijibu kwamba tatizo ni aina ya udongo. Sikatai, kila udongo una tabia yake. Kichanga hunywa haraka lakini hakiweki. Maji hupita hadi chini ya mizizi. Mfinyanzi mweusi wa mbugani huweka maji mengi, ila ukikauka hupasuka nyufa za kutumbukiza mkono, na unyevu wa chini ukatokea humo. Udongo wa babu yako huwezi kuubadilisha. Cha kuufunika unacho, nawe unakichoma!

Msimu uliopita shangazi yangu aliumwa mgongo, akasafisha nusu tu ya shamba lake. Siku nne baada ya mvua niliingia humo saa nane mchana. Upande uliochomwa ganda lilivunjika kama kigae na udongo ukaniunguza vidole. Hatua tatu mbele niliinua mabua. Chini yake palikuwa na ubaridi, udongo ukashikana kiganjani, na vitundu vya mchwa vilikuwa vimeachia maji njia ya kushuka. "Huku, mwanangu, hata magugu hayajaota," akaniambia.

Najua ng'ombe nao wanayataka mabua. Wapewe sehemu, nyingine ibaki. Na anayehofia funza wa mabua ayalaze juani mara tu baada ya mavuno. Yakikaa hivyo wiki kadhaa, funza wengi hufa bila moto. Pasipo na mabua ya kutosha, kunde na maboga yatambae kati ya mahindi, kama bibi zetu walivyokuwa wakipanda.

Wala asiniambie mtu kwamba haya ni mambo ya wageni. Wamatengo wa Mbinga, kwenye miteremko ya kutisha, hufyeka nyasi, wakazipanga kwa miraba na kuzifukia kwa udongo wanaouchimba katikati ya kila mraba. Hayo ndiyo mashimo ya ngoro, na wameyalima kwa zaidi ya miaka 100.

Mwaka huu shangazi hachomi upande wowote. Mgongo umepona, na majirani wameshaanza kumwita mvivu.