NAULI YA MELI NI MBIRU YA LEO

Ndugu wananchi wa Upare,

Juzi katika mkutano wa tawi hapa Same mzee mmoja alisimama akaniuliza: "Mwanangu, sisi watu wa milimani, bahari yatuhusu nini?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali hilo ndilo linalowafurahisha wanaotunyonya. Leo namjibu mbele ya wote.

Mzee wangu, dizeli ya basi lililokushusha kutoka Chome ilipita baharini. Kahawa ya milimani na mkonge wa bondeni hupita huko huko kwenda kwa wanunuzi. Zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa za biashara ya dunia huchukuliwa na meli. Mwishoni mwa mwaka 2023 meli zilipoanza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu, makampuni makubwa yaliuacha Mfereji wa Suez yakazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Nauli ikapanda. Nani alituuliza sisi? Hakuna. Nani alilipa? Wewe na mimi.

Wazee wetu walilijua jambo la namna hii. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka milimani wakaja hapa hapa Same kuikataa mbiru. Hawakukataa kodi. Walikataa kodi ambayo hesabu yake ilifanywa na wengine, wao wakatakiwa kulipa tu. Basi nauli ya meli ni mbiru ya leo: hupangwa mbali, kwa hesabu tusiyoiona, na hulipwa huku.

Mkoloni hakuwa mjinga. Mwaka 1890 Wajerumani waliunda kampuni ya meli ya kuja Afrika Mashariki. Mwaka 1893 wakaanza kujenga reli kutoka Tanga, ikapita nchi yetu, ikafika Moshi mwaka 1911. Walijua kwamba reli, bandari na meli ni mafiga matatu ya jiko moja. Chungu hakikai juu ya mafiga mawili.

Na sisi je? Reli ya Tanga na Moshi, iliyokuwa imelala miaka mingi, ilifufuliwa mwaka 2019. Bandari ya Tanga, ambako meli zilitia nanga mbali na mizigo ikaletwa kwa matishari, imechimbwa kina na kupewa gati la meta 450. Kazi hiyo tunaisifu. Lakini figa la tatu liko wapi? Meli ni za nani?

Tulikuwa nalo. Mwaka 1966 Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia zilianzisha shirika lao la meli. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shirika hilo nalo halikudumu. Ile kampuni tuliyoanzisha pamoja na China mwaka 1967 ipo mpaka leo, lakini peke yake haitoshi.

Wapo wasomi wetu wanaosema: "Meli ni biashara ya hasara, waachieni wenye fedha." Kweli meli ni ghali. Kweli shirika la zamani lilikufa. Lakini mtoto akianguka anapojifunza kutembea, je, humkata miguu?

Tufanye nini? Kwanza, ushirika. Leo mara nyingi tunauza mali yetu ikiwa bandarini, na mnunuzi ndiye anayechagua meli. Tunaponunua mali ya nje, muuzaji ndiye anayechagua meli. Kwenda tumefungwa macho, kurudi tumefungwa macho. Vyama vya kahawa, vya tangawizi ya Mamba Miamba na wenye mkonge waunganishe mizigo yao, wajadiliane nauli kwa sauti moja. Mwenye gunia moja hasikilizwi. Mwenye shehena husikilizwa.

Pili, tuanze na meli za mwambao: Mtwara, Dar es Salaam, Unguja, Tanga, Mombasa, kwa umoja na jirani zetu. Wala tusinunue magofu yanayotupwa na wengine. Mwaka 2023 mataifa katika Shirika la Kimataifa la Bahari yalikubaliana kwamba meli ziache kuchafua hewa ifikapo karibu na mwaka 2050. Mwezi Oktoba 2025 uamuzi wa kuwatoza wachafuzi uliahirishwa kwa mwaka mmoja, lakini kuahirishwa si kufutwa. Anayenunua meli mbovu leo ananunua deni la kesho.

Tatu, vijana. Chuo cha Bahari kipo Dar es Salaam. Ndugu walimu wenzangu, ni lini mmemwambia mtoto hodari wa hesabu wa Suji au Gonja kwamba anaweza kuwa nahodha au injinia wa meli? Tusipomwambia, tusilalamike meli zikiongozwa na wengine.

Kila tawi lijadili mambo haya matatu katika mkutano ujao na kupeleka azimio lake wilayani. Wazee walishuka milimani kwa miguu wakadai hesabu. Sisi tutasemaje kwamba bahari iko mbali?

Uhuru na Kazi!