Kiwanda Kinachozaa Viwanda Kisipimwe kwa Mizani ya Duka

Gia ya kinu cha kusagia mahindi inapovunjika meno mtaani Kiganjo, mjini Thika, mwenye kinu huwa na njia mbili. Ama atanunua gia iliyoagizwa kutoka ng'ambo, ama atamwendea fundi mwenye mashine ya kukerezea chuma amtengenezee nyingine. Njia ya pili huacha fedha na ujuzi nyumbani. Hata hivyo, ni nani aliyeiunda mashine ya fundi huyo? Swali hili ndilo kiini cha tatizo la viwanda nchini Kenya.

Thika yenyewe ni shahidi. Kiwanda cha magari cha KVM kilianza katika miaka ya 1970 kwa jina la Leyland Kenya, na mnamo Desemba 2016 magari ya Volkswagen yalianza tena kuunganishwa humo. Kuunganisha ni kazi ya heshima, kwani huwapa vijana ajira. Lakini anayeunganisha hupokea vipuri vilivyokwisha kuundwa kwingine. Ujuzi wa kuviunda husalia huko vilikotoka.

Kenya iliwahi kujaribu kuvuka mpaka huo. Mwaka wa 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata likiwa baya kwa sura au la mwendo wa pole. Magari machache ya majaribio, yaliyoitwa Pioneer, yalizinduliwa mwaka wa 1990. Shirika lililokusudiwa kuyazalisha kwa wingi lilikosa fedha, na magari hayakufika sokoni. Badala yake ikabaki kampuni ya Numerical Machining Complex, yaani NMC, jijini Nairobi, yenye kazi ya kutengeneza vipuri vya chuma kwa ajili ya viwanda vingine.

Mnamo Novemba 2023 Serikali ilitangaza orodha ya mashirika 11 ya kubinafsishwa. NMC ilikuwamo, KVM ilikuwamo, na hata Kenya Literature Bureau, mchapishaji wa vitabu vya shule, vikiwamo vya Kiswahili. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaibatilisha Sheria ya Ubinafsishaji ya 2023, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Uamuzi huo ulihusu utaratibu. Haukujibu swali la thamani ya kiwanda chenyewe.

Wapo wanaoshikilia kwamba shirika lisiloleta faida ni mzigo kwa mlipa kodi. Hoja yao haiwezi kupuuzwa. Gari la Pioneer lilizaliwa kwa amri kabla ya kutafutiwa mtaji na soko, na fahari ya taifa haiwezi kulipa mishahara. Lakini kiwanda cha vipuri si duka. Faida yake kubwa haionekani katika hesabu zake pekee. Huonekana katika kinu kisichosimama, katika pampu inayorudi kazini upesi, na katika kijana aliyejifunza kusoma mchoro, kusubu chuma na kukipima kwa sehemu ndogo za milimita. Ujuzi huo ukitawanyika, hauokoteki tena kwa mnada.

Hivyo basi, kabla ya kuuza, inafaa Serikali ijiulize iwapo yenyewe ni mteja. Reli, maji, umeme na magari ya umma vyote huhitaji vipuri kila mwaka. Mzazi asiyenunua kwenye kibanda cha mwanawe hana haki ya kumlaumu kwa kukosa wateja. Na ikiwa kuuza hakuepukiki, mkataba umfunge mnunuzi kuendeleza kazi ya kuunda na kufunza, asije akanunua kiwanja na kuzitupa mashine.

Wanafunzi wa Kiswahili wasidhani kuwa haya ni ya wahandisi peke yao. Kitenzi kukereza ni cha kale katika lugha hii. Mafundi wa pwani walikereza miguu ya vitanda kabla ya kuwapo kiwanda chochote Thika. Neno huishi kwa kazi inayolitumia. Mashine zikinyamaza, neno hilo litabaki kamusini, na kizazi kijacho kitaagiza kitu pamoja na jina lake. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.